Chausiku kazeeka, na sisi tumeamua hivi

Dodoma ukisema unampeleka paka kwa daktari watu wanakuangalia mara mbili. Ng'ombe sawa, mbuzi sawa, kuku wa mayai sawa kabisa, ila paka? Huu ni mji wa Wagogo bana, mnyama wa kutibiwa ni yule mwenye bei mnadani Msalato. Jirani yetu kaniambia kabisa, hela unayomalizia kwa huyo nyau si ungenunua mbuzi. Nikacheka tu, maana ni kweli ningenunua.

Sasa paka wetu Chausiku ana miaka 16, kaja nyumbani mimi niko sekondari, na kwa paka hiyo ni bibi kizee. Alianza kwa kunywa maji. Paka mwenye afya huwa humuoni sana akinywa, asili yao ni huko majangwani, maji mengi wanayapata kwenye chakula, ila huyu akawa anazamisha kichwa kwenye ndoo ya bafuni, akitoka hapo anaenda kukojoa, anarudi kunywa tena. Kaka akasema ni joto la Oktoba hilo. Mama ndo aligundua, alikuwa anampapasa jioni pale barazani akasema mbona huyu uti wa mgongo unahesabika, na mdomo unanuka kama mkojo?

Daktari wa mifugo akamtoa damu, kriatinini, yaani uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa kwenye damu, iko juu, ni figo. Alivyotueleza nilielewa vizuri: figo zikichakaa zinashindwa kubana mkojo, maji yanapita tu, kwa hiyo mnyama anakunywa kufidia yanayotoka. Na ubaya wa figo ni kwamba mpaka uje uone dalili, kama theluthi mbili ya kazi yake imeshaenda na hairudi. Akasema ugonjwa una hatua nne, huyu yuko ya tatu. Kupona hakuna, kuna kumpunguzia mzigo.

Basi kelele zikaanzia hapo, kwenye grupu la WhatsApp la familia. Dada yuko Dar, yeye anataka kila kitu kifanyike, tumpeleke Morogoro pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kwenye hospitali yao ya wanyama, alazwe, awekewe dripu ya mshipa. Kaka anasema mzee huyo, mwacheni afe mwenyewe. Na mimi nikawa katikati, kwa sababu mwacheni afe mwenyewe inasikika vizuri ila paka wa figo hafi kwa siku moja, anatapika, mdomo unatoka vidonda, anakaa na njaa na hawezi kula, hiyo sio kuachwa ni kutelekezwa. Mama alisikiliza weee, akasema, "Mwanangu, huyu kwenda hapo Sabasaba tu na bodaboda alijikojolea kwenye boksi, leo umpeleke Morogoro akalale na mbwa wasiomjua?"

Na hapo ndo nikaona swali sio tunampenda kiasi gani. Swali ni siku alizobaki nazo azitumie wapi, kwenye kizimba au kwenye jiwe lake pale ukutani linalopata jua la asubuhi. Tukaamua anatibiwa nyumbani.

Daktari akanifundisha kumwekea maji chini ya ngozi. Ni ringa lakteti, maji ya dripu yaleyale ya watu, chupa unaining'iniza kwenye msumari wa pazia, unaipasha kidogo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa sababu ikiwa ya baridi ataruka, alafu unavuta ngozi ya katikati ya mabega inakuwa kama kihema, unachoma sindano ya pinki pale chini ya kihema. Mililita 100 hivi, ila kipimo ni cha daktari, msije mkaniiga. Maji yanajikusanya nundu, baadaye nundu inateremka mpaka mguu wa mbele, anatembea amevimba bega moja kama baunsa. Mara ya kwanza mikono ilinitetemeka, mama kamshika huku anamwimbia, yule paka katulia kuliko mimi.

Chakula ndo kazi. Dagaa na vichwa vya perege wa Mtera, vitu alivyokula maisha yake yote, sasa hapana, mifupa ina madini ya fosforasi mengi na figo haziwezi kuyatoa. Chakula maalumu cha figo kinaagizwa Dar na bei yake sitaki hata kuitaja, kwa hiyo tunachanganya, kidogo hicho, kidogo kuku asiye na mfupa na ute wa yai, kinapashwa moto ili kinukie. Siku akigoma kabisa mama anampa dagaa wawili kwa siri na mimi najifanya sijaona, paka asiyekula kabisa ana hali mbaya kuliko paka aliyekula dagaa.

Kitu kimoja naomba mnisikie. Jirani kwa nia njema kabisa alileta nusu panadol, eti ya maumivu. Paka hapewi panadol, hata robo. Ini lake halina uwezo wa kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, anakufa vibaya. Diklofenaki, ile dawa nyingine ya maumivu, nayo inamalizia figo.

Lililobaki ni lile ambalo hamna aliyetaka kulianzisha. Daktari alisema ipo sindano, ni dawa ya usingizi iliyozidishwa, analala na moyo unasimama. Mama mwanzoni hakutaka kusikia, akasema roho sio yetu. Wiki kadhaa baadaye, bila kuulizwa, akasema wakati anachambua mchicha: akishindwa kupanda kwenye jiwe lake, na kuku akikataa, na dagaa akikataa, muite huyo daktari aje hapahapa, asibebwe. Nikaiandika kwenye grupu vilevile alivyosema. Dada akatuma emoji ya kulia, kaka akaandika "sawa, nitamlipa mimi."

Leo asubuhi kapanda, kwa awamu, ndoo kwanza alafu jiwe. Jioni ni zamu ya dripu na sindano za pinki zimebaki mbili, kesho napitia Majengo.