Sanduku lililotoka Bremerhaven

Juzi nililifungua tena sanduku la mbao la babu wa babu yangu. Bawaba zimeshika kutu, lakini ndani ya kifuniko jina lake bado linasomeka, kwa zile herufi za Kijerumani zenye mikia. Alipanda meli Bremerhaven, bandari ya Ujerumani, akashukia Castle Garden, kituo cha kupokea wahamiaji huko New York; kituo cha baadaye, Ellis Island, kilipofunguliwa 1892, yeye keshazeekea Nebraska, jimbo la katikati ya Marekani. Huko alipata ekari 160 kwa sheria ya ardhi ya 1862: uishi hapo miaka 5, ulime, ndipo upewe hati. Miti ilikuwa haba, basi nyumba ya kwanza waliijenga kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, yaliyokatwa kwa plau. Mkewe alijifungulia humo watoto wanne. Namwaza sana mama yule, mvua ikivuja paani, kichanga kifuani.