Taa Iliyochimbuliwa Oświęcim

Treni ya kutoka Kraków, Poland, ilijaa, na karibu wote tulioshuka Oświęcim walielekea upande mmoja: kambini Auschwitz, ambako Wanazi wa Ujerumani waliua Wayahudi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Auschwitz ni jina la Kijerumani la mji huu huu. Kambi nilikuwa nimeiona jana yake, na hadi leo sijui nianzie wapi kuisimulia. Safari hii nilitaka kuuona mji wenyewe. Nikavuka daraja la mto Soła peke yangu, manyunyu yakinipiga usoni.

Wayahudi waliuita mji huu Oshpitzin. Kabla ya vita walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wake. Myahudi wa mwisho kuishi hapa alifariki mwaka 2000. Limebaki sinagogi moja dogo, na makumbusho yameshikana nalo ubavuni. Dada wa mapokezi aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomjibu Tanga, akaenda kuitafuta kwenye ramani kabla ya kunikatia tiketi.

Taa yenyewe ndiyo iliyonileta. Ni ile inayoning'inizwa mbele ya kabati la magombo ya Torati, isizimwe, kama Kutoka 27 inavyoagiza taa iwake daima. Hii ilikuwa ya Sinagogi Kuu, lililochomwa na Wajerumani mwishoni mwa Novemba 1939. Mzee mmoja aliyenusurika alikumbuka kwamba kabla ya moto watu walifukia magombo chini ya jengo. Mwaka 2004 wanaakiolojia kutoka mji wa Toruń wakachimba. Magombo hawakuyapata. Walichokuta ni vinara, taa za kuning'iniza, vigae, mbao zilizoungua na taa hii.

Nilisogea mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Nilitegemea king'aacho, kama vyombo vya kanisani siku ya sikukuu. Nikakuta chombo kilichofifia, kidogo kuliko nilivyodhani. Bibi yangu angekitazama mara moja akaulizia jivu na ndimu akisugue. Mimi nilishukuru hawakukisugua.

Palipokuwa na Sinagogi Kuu ni mwendo mfupi tu kutoka hapo. Tangu 2019 pamefanywa bustani ya kumbukumbu. Hawakujenga upya, na nadhani walifanya vyema. Miti ilikuwa ikidondosha maji. Mama mmoja alipita na mfuko wa mkate, akanisalimia kwa kichwa, akakatiza palipokuwa ndani ya sinagogi akielekea kwake.