Binti wa Polisi Kutoka Shibuya

Juzi jioni mama yangu alipiga simu ya video kutoka Tanga, akamkuta binti yangu ameshika kitabu kikuukuu cha katuni. Msichana wa jaladani ana nywele zilizotiwa rangi, kucha ndefu na sketi ya shule iliyopandishwa mpaka mapajani. "Mtoto huyo hana wazazi?" mama akauliza. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Saitama, Japani, aliinamisha kichwa asijibu, nami swali hilo limenikaa moyoni kwa sababu ndilo nililojiuliza nilipowaona magyaru, wasichana wa mitindo ya namna hiyo, kwa mara ya kwanza Shibuya, mtaa wa Tokyo, mbele ya jengo la maduka la 109.

Wazazi anao. Ni Kotobuki Ran wa GALS!, hadithi ya Mihona Fujii iliyotoka katika jarida la Ribon kuanzia 1998 hadi 2002, na baba yake, mama yake na kaka yake wote ni polisi. Ran hataki kazi hiyo ya ukoo, hana habari na masomo, na mchana kutwa yuko mitaani. Lakini anapogundua kwamba Aya, mwanafunzi mpole mwenye alama nzuri, anatoka na wanaume watu wazima kwa malipo, ni yeye anayemkemea na kumtoa huko. Binti ambaye mzazi yeyote angetamani awe wake ndiye aliyekuwa akipotea kimya kimya, na anayenyooshewa kidole ndiye aliyebeba malezi ya kwao.

Kinachonigusa zaidi ni ngozi. Katika nchi inayotukuza weupe wa mwanamke, mwishoni mwa miaka ya 1990 mabinti wa ganguro, kundi mojawapo la magyaru, waliibabua ngozi kwa mashine hadi ikawa kahawia iliyokolea, kisha wakapaka rangi nyeupe midomoni na kuzunguka macho. Mimi nimetoka mtaa ambao dada zangu walijipaka mkorogo kila usiku mpaka mashavu yakachubuka, wakitafuta weupe ule ule ambao hawa waliukimbia. Wasichana wale walikuwa wakibishana na mama zao na walimu wao juu ya sura anayopaswa kuwa nayo msichana mwema, na uso wenyewe ndio uliokuwa hoja yao.

Jana nilimpigia mama tena, nikamwomba binti yangu amfasirie bibi yake kurasa za Ran na Aya. Alisoma polepole, Kijapani kwanza kisha Kiswahili, na bibi alimkatiza mara moja tu.

"Huyo mwenzake, mjukuu wangu, aliacha?"

"Aliacha, Bibi."