Nguo za kwenda bustani ya burudani: kwetu ndoo ya maji ndiyo iliyoamua

Ukitaka kujua watu wana maneno, watangazie kwamba unaipeleka familia kwenye bustani ya burudani, zile kubwa zenye treni za kupinduka angani na mitelezo ya maji. Kila mtu ana ushauri, na karibu wote unahusu picha. Wifi yangu, ambaye hapandi hata bembea kwa kuogopa kuharibu nywele, alinitumia ujumbe mrefu: sote tuvae fulana nyeupe na jinzi. "Mtapendeza wifi yangu, mtaonekana familia kweli." Shoga yangu akasema viatu vyovyote tu, siku moja haiui mtu. Jirani akanishauri nibebe nguo tatu tatu kwa kila kichwa, kana kwamba tunahama.

Niliwaitikia wote, ndiyo, ahsante, nitafanya hivyo. Kisha nikafanya yangu. Na nasema bila haya: katika foleni zote za siku ile sikuona familia iliyostarehe ndani ya nguo zake kuliko yetu.

Nianze na fulana nyeupe, maana hilo ndilo lililoniudhi. Pamba nyeupe ikilowa inaonyesha kila kilichomo ndani, na msichana anayebalehe hatakusamehe mpaka aolewe. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: pamba nyeupe iliyolowa hupitisha miale ya jua inayounguza ngozi zaidi kuliko ikiwa kavu. Kwa hiyo mtoto anacheza majini na fulana yake, wewe unatulia ukidhani amefunikwa, jioni unamvua unakuta mabega yamebabuka. Nguo za kuogelea za mikono mirefu huwa na alama ya UPF kwenye lebo. Ukiona UPF 50, maana yake ni sehemu moja tu kati ya 50 ya miale hiyo inayopenya kitambaa. Nilizinunua hizo kwa watoto, na hapo ndipo hela ya maana ilipotoka. Vingine karibu vyote vilikuwa kabatini.

Na rangi. Msinunue ya buluu wala nyeupe kwa mtoto wa kwenda majini, hata ipendeze vipi dukani. Bwawa lenyewe ni la buluu. Mtoto akizama humwoni. Machungwa kali, waridi la kung'aa, kijani cha limau, hizo ndizo zinazoonekana chini ya maji hata yakiwa yanachafuka kwa watu. Kitinda mimba wangu alivaa machungwa kichwa mpaka kiunoni, na nilimwona kila alipokuwa bila kusimama.

Sasa jinzi. Baba watoto alikuwa upande wa dada yake: jinzi ni nguo ya safari, haichafuki, ina mifuko. Sikubishana naye. Asubuhi moja ya mapumziko niliwaita wote nikawatangazia kwamba leo kuna mtihani. Kila mtu aje amevaa kile anachotaka kuvaa siku hiyo, kuanzia chupi mpaka viatu, na nguo itakayofeli inarudi kabatini, haina rufaa.

Swali la kwanza lilikuwa kukaa chini. Foleni ya mchezo mzuri inaweza kupita saa nzima, na hakuna mtoto, wala mzee, asiyeishia kukaa sakafuni. Kaeni, inukeni, chuchumaeni. Sketi ya kifungua mimba ilifeli papo hapo. Swali la pili, mikono juu, ruka, inama. Blauzi yangu mwenyewe niliyokuwa naitegemea ilipanda ikaniacha tumbo wazi. Nikaitoa mashindanoni bila kusubiri watoto waseme kitu. Swali la tatu ndilo nililolipenda zaidi. Mtu analala chali kitandani, kichwa kinaning'inia ukingoni, miguu inapandishwa ukutani. Hivyo ndivyo utakavyokuwa treni ikipinduka. Baba watoto akalala. Zikaanguka sarafu, zikafuata funguo, ikafuata kalamu, halafu simu ikatoka polepole mfukoni na kumpiga kidevuni. Watoto walicheka mpaka wa kati akapaliwa.

"Kule kuna mkanda," akasema huku anajipapasa kidevu.

"Mkanda unakushika wewe, baba. Mfukoni haufiki."

Tangu hapo mfuko usio na zipu haukuhesabiwa tena kuwa mfuko.

Swali la mwisho lilikuwa ndoo. Tukatoka nje, nikammwagia kila mtu maji kuanzia kiunoni kwenda chini, nikawaambia waendelee na shughuli zao humu ndani na nje, asiyekauka asikae kwenye kochi. Wa kati alikuwa na kaptula ya polista ya mazoezi. Nilipomaliza kuosha vyombo alikuwa kakauka, anadai aingie. Jinzi la baba watoto lilikuwa bado linachuruzika kwenye pindo. Baada ya chakula cha mchana mapaja yalikuwa na unyevu, mishono ilikuwa chepechepe, na yeye mwenyewe alikuwa anatembea miguu ameitenganisha, maana mshono wa katikati ulishaanza kumla. Nikamwomba alivue nikaliweka kwenye mizani ya jikoni, kisha nikapima jingine kavu linalofanana nalo. Tofauti ilikuwa ya kumfanya mtu anyamaze, naye akanyamaza. Pamba hunywa maji na kuyang'ang'ania. Polista na lailoni hunywa kidogo sana, maji mengi hukaa juu ya nyuzi na kuondoka. Ndiyo maana jinzi ni adhabu kwenye bustani yenye mchezo hata mmoja wa maji. Akachagua suruali nyepesi ya kupandia milima yenye mifuko ya zipu, na siku ile alikuwa anawaonyesha watu zipu zake kana kwamba yeye ndiye aliyegundua.

Ila zipu nayo ina mahali pake. Kwenye mitelezo ya maji bustani nyingi hukataza zipu, vifungo na misumari ya chuma kwenye nguo, ile midogo inayokaza mifuko ya jinzi, kwa sababu inakwaruza mtelezo na kuwaumiza wanaofuata. Nilimwona baba mmoja amepanda ngazi zote, amesubiri zamu yake, amefika juu kabisa, akageuzwa kwa sababu ya kaptula yenye misumari ya shaba mifukoni. Kushuka ngazi huku watoto wote wanakutazama si jambo dogo. Wetu tuliwavalisha kaptula za kuogelea za kamba kiunoni na taiti za kuogelea, wakapita.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa mama mkwe. Yeye ana gauni lake refu na mtandio mpana, na alishaniambia mapema, "Mwanangu, mimi sivai suruali za kubana kwa sababu ya mchezo." Wifi alinishauri nimwache tu, atakaa benchi alinde mabegi. Mimi nikajua hatakaa benchi. Yule mama akiona vigari vya mashindano atavitaka. Na vigari vile ndivyo hatari yenyewe: ekseli, kile chuma kinachounganisha magurudumu, inazunguka nyuma ya mgongo wako, chini kabisa, na ncha ya mtandio au upindo wa gauni ukinasa humo haukupi muda wa kupiga kelele. Sikutaka kumhubiria. Nikamsimulia tu kisa cha Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, aliyepanda gari la wazi mjini Nice, Ufaransa, mwaka 1927, na skafu yake ndefu ikanasa kwenye gurudumu. Alikufa pale pale.

Mama akanyamaza, akaukunja mtandio wake mapajani, akauliza, "Sasa mimi nivae nini?"

Tulifanya hivi. Hijabu ya michezo ya kuvaa kichwani moja kwa moja, kitambaa cha kuvutika, haina pini wala ncha, na mwisho wake unaingizwa ndani ya shingo ya nguo. Kanzu fupi ya kufika magotini, nyepesi, ya mikono mirefu. Chini yake suruali pana ya kitambaa kinachokauka upesi, yenye lastiki kwenye vifundo. Akajitazama kwenye kioo, akageuka nyuma na mbele, akasema anaonekana heshima na anaweza kukimbia. Siku ile alipanda vigari mara nyingi kuliko wajukuu wake, na kila mwanamke aliyekutana naye kwenye foleni mwenye skafu inayopepea alisimuliwa habari za Nice.

Viatu. Shoga yangu na "siku moja haiui" yake angekuwepo jioni. Kwenye bustani kubwa mtu anaweza kutembea kilomita 10 na zaidi kwa siku bila kujua, tena juu ya lami na saruji iliyopigwa jua. Bustani ya burudani ya Disneyland ilipofunguliwa Anaheim, California, Marekani, Julai 1955, joto lilikuwa kali na lami ilikuwa bado mbichi, na wanawake waliokuja na visigino vyembamba walikwama, visigino vikizama ardhini. Siku hizi lami haizamishi mtu, lakini inaunguza. Kandambili ni za kutoka bwawani kwenda kwenye mtelezo, basi; zinachomoka, na kwenye michezo ya miguu kuning'inia utaambiwa uzivue. Raba ulizokwisha kuzivaa wiki nyingi ndizo jibu. Si raba mpya! Kiatu kipya kitakupa lengelenge kabla ya saa sita mchana. Soksi zisiwe za pamba tupu, maana zikilowa jasho zinabaki zimelowa na ngozi iliyolowa ndiyo inayochubuka. Na mafuta ya mgando: paka katikati ya mapaja, visigino, na kati ya vidole kabla ya kuondoka nyumbani. Nashangaa watu hawaambiani hili.

Kuna ugomvi mmoja nilikaribia kushindwa. Kifungua mimba ametimiza 14 majuzi na alikuwa ameshajishonea vazi la malkia, lenye joho la kuburuta. Uzuri wa hasira za vijana ni kwamba zinaisha ukiwaonyesha maandishi. Bustani za Disney, kwa mfano, haziruhusu wageni wa kuanzia miaka 14 kuingia na mavazi ya kuigiza, na nguo inayoburuta chini hairuhusiwi kwa mtu yeyote. Tulikokwenda sisi masharti yalikuwa karibu hayo hayo. Akayasoma mwenyewe, akalia kidogo, kisha akatoa pendekezo ambalo ningependa kudai ni langu: avae rangi za malkia wake tu, fulana ya njano na kaptula ya buluu iliyokolea, na utepe mwekundu kwenye nywele. Kila aliyemwona alijua anamwigiza nani, na hakuna mlinzi aliyemgusa. Mdogo wake, ambaye umri unamruhusu, alivaa vazi lake kamili na kulivua baada ya saa moja kwa sababu linawasha.

Kuhusu sare, wifi hakukosea kabisa, sharti nimpe haki yake. Rangi moja ya kung'aa inasaidia kumpata mtu kwenye kundi. Sisi tulichukua njano, kila mtu kwa kitambaa chake na mtindo wake. Ila kuandika jina la mtoto mgongoni, hapana. Mtu asiyemjua atamwita kwa jina na mtoto ataitikia. Namba yangu ya simu niliiandika kwa kalamu isiyofutika ndani ya mkono wa kila mtoto, na pale getini nikawapiga picha wamesimama wima, mbele na nyuma, si kwa ajili ya kumbukumbu. Mtoto akipotea, akili yako haitakumbuka alivaa soksi gani.

Kofia ndiyo iliyonishinda kidogo. Nilizishonea kamba za lastiki za kupita kidevuni, nikajisifu sana, halafu kwenye mchezo wa kwanza mhudumu akasema zivuliwe zote, kamba au bila kamba. Zilikaa kwenye kabati la kukodi pale bustanini, tukazichukua tena tulipotoka kwenye michezo ya kasi. Miwani ya baba watoto ilikuwa na kamba ya nyuma ya kichwa, hiyo waliikubali.

Mabegi tulibeba mawili madogo. Kila mtoto nguo kavu seti moja ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo huo ndio unaorudi na nguo mbichi. Wakubwa tulibeba chupi na soksi tu, kwa kuwa vilivyobaki vinakauka mwilini. Jaketi jembamba moja kila mtu, hata kama kuna joto, maana majumba ya maonyesho ya ndani yana viyoyozi vikali na jioni ukiwa umelowa utatetemeka. Makoti ya mvua ya plastiki niliyabeba na sikuyatoa. Watoto walitaka kulowa, kwa nini niwanyime.

Mkirudi, msizianike raba zilizolowa juani wala kuzisogeza karibu na moto, gundi ya soli huachia. Toa soli za ndani, jaza magazeti, ubadilishe magazeti kabla ya kulala. Zetu asubuhi zilikuwa tayari kwa shule.