Mradi wa vampaya wa Kigoma: ukungu umekubali!!

Jamani imekubali. Wiki ya tatu hii nahangaika na huyu vampaya (mnyonya damu anayelala kwenye jeneza) wa mchezo wetu wa mezani na jana usiku ndo mara ya kwanza meza nzima imesimama, mmoja anahesabu dakika kwa sauti, mwingine kashika kichwa.

Mnaokumbuka, natumia zile sheria za bure za D&D toleo la 5 (ule mchezo wa kuigiza hadithi kwa dadu, mimi ndo msimulizi) zilizoachiwa 2023, na nimeprinti kurasa za vampaya tu maana zote ningeuza baiskeli. Kampeni iko hapa hapa Kigoma, 1927, meli ya Liemba ndo inarudi kazini. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 wakiwa wameshapaka mashine grisi, ikaibuliwa 1924. Kwangu mimi na jeneza lilikuwemo. Nalo lilipakwa grisi.

Kilichonitoa jasho ni ukungu. Vampaya ukimshusha hadi HP (pointi za uhai) sifuri akiwa nje ya jeneza lake hafi, anageuka ukungu, ana masaa mawili awe amefika kwenye jeneza la sivyo kwisha habari yake. Ukisoma inatisha. Sasa njoo mezani. Ukungu unaenda futi 20 kwa raundi (sekunde 6), binadamu wa kawaida anatembea futi 30, kwa hiyo wachezaji wangu walitembea naye PEMBENI kama wanamsindikiza shangazi stendi, wakafika naye mpaka kwenye jeneza, kigingi moyoni, tumemaliza saa tatu usiku. Nililala na hasira.

Nikaongeza spidi ya ukungu iwe futi 60. Wakampoteza kabisa, wakazunguka Ujiji nzima kutafuta jeneza, dada anayecheza kasisi akashika simu akaanza kuchati. Nikarudisha spidi nikapandisha HP toka 144 hadi 250, ikawa ni kupiga tu na kupiga, tena yeye kawaida anajiponya 20 kila raundi ila kasisi akimgonga na nuru basi zamu inayofuata haponi, kwa hiyo HP nyingi ni uchovu mtupu.

Halafu ikaja kesi ya maji. Vampaya akimaliza zamu yake ndani ya maji yanayotembea anaungua pointi 20 za asidi, na akiwa humo hata ule ukungu haugeuki. Je ziwa Tanganyika ni maji yanayotembea? Tumebishana mpaka kahawa ikaisha!! Jamaa mmoja anasema Malagarasi unaingia, Lukuga unatoka kule Kongo, kwa hiyo maji yanatembea. Nikamwambia na mimi natembea lakini siitwi mto. Uamuzi wangu: ziwa limetulia, mdomo wa Malagarasi ndo unaunguza.

Ila ile kelele ndo ilinifungua macho. Jeneza liende ziwani! Mtumbwi wa makasia kwenye sheria ni maili moja na nusu kwa saa, kama kilomita 2.4. Ukungu futi 20 kwa raundi ni kama kilomita 3.7 kwa saa, na kwa masaa mawili mwisho wake ni kilomita 7.3 hivi. Meli nikaiweka kilomita 5 toka Kibirizi (msiniulize nanga imeshika wapi, ziwa lina kina mita 1,470). Ukungu unafika dakika ya 82. Akishafika anarudi umbo lake lakini kapooza, anakaa saa nzima na sifuri ndo apate HP 1, hapo ni dakika ya 142. Mtumbwi unafika dakika ya 124. Wana dakika 18 tu za kupanda meli, kutafuta jeneza gizani na kuchomeka kigingi, na mimi sijagusa sheria hata moja. HATA MOJA. Ukiweka kilomita 7 wanabaki na dakika moja mkononi, hiyo nawawekea siku nikiwa na roho mbaya.

Jana walilipata jeneza dakika ya 139.

Kuhusu dadu ya pande 20: programu za simu nimeacha, hakuna anayeziamini na chaji inaisha. Nina visoda 20 nimeviandika namba kwa maka peni, viko kwenye kopo, unatikisa unachomoa. Na mahesabu yote kwenye kauntabuku, sio Excel, nifute kwa hasira nikiona kalamu imepita.

Wiki hii nilipanga kuandika vile vivampaya vidogo anavyovitengeneza. Sijaandika. Kuna kipengele nilikuwa nakiruka, kwamba hawezi kuingia kwenye nyumba ya mtu mpaka mmoja wa waliomo amkaribishe. Jana wakati wanajipongeza, nikagonga meza mara mbili, nikasema taratibu, "Hodi."

Jamaa anayecheza paladini (shujaa mtakatifu), bila hata kuinua macho toka kwenye sahani ya dagaa: "Karibuu."