Kujikanda mwenyewe asubuhi, ile ya Wachina wa zamani

Siku hizi ukitaja masaji ya Kichina watu wanawaza zile video fupi, bonyeza hapa kichwa kinaacha kuuma, bonyeza pale usingizi unakuja, yani kama vile mwili una swichi. Mi najikanda kila asubuhi na naipenda sana hii kitu, ndo maana inaniuma kuona inafundishwa hivyo, maana vile vidude vya kubonyeza mwilini ni sehemu ndogo tu. Kilichobeba mambo ni mpangilio wa kuanzia kichwani mpaka nyayoni, mikono iwe ya moto, ufanye polepole, na ufanye ukiwa mzima. Hawa wazee wa Kichina hawakuitunga ili usubiri uumwe kwanza.

Na ni ya zamani kweli. Miaka ya 1970 mwanzoni huko Mawangdui, mjini Changsha, wachimbaji walifukua kaburi lililofungwa mwaka 168 KK na ndani wakakuta kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44 wanafanya mazoezi, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wengine kifua wazi kabisa. Yale ni mazoezi ya kujinyoosha na kupumua, na kujikanda kumekua humohumo, havitenganishwi. Ikafika enzi ya Tang, idara ya tiba ya ikulu ikawa na walimu wa kukanda kabisa, wanafundisha wanafunzi kama somo. Enzi hiyohiyo tabibu Sun Simiao, aliyefariki mwaka 682, kwenye kitabu chake kikubwa cha tiba aliweka mifuatano miwili ya kujikanda na kujinyoosha, mmoja wenye miondoko 18 akasema wazi umetoka India. Humo imeandikwa kwamba mzee akiufanya mara 3 kwa siku, baada ya mwezi magonjwa yote yanaondoka na anakimbia kama farasi! Hiyo ya farasi siibebi nzima nzima, lakini angalia anaongea na nani: mzee, nyumbani kwake, kila siku, bila daktari na bila dawa. Hapo ndo naguswa.

Sasa jinsi ninavyofanya mimi. Nakaa kitandani au kwenye mkeka, mgongo umenyooka, nasugua viganja mpaka viwe vya moto, usiruke hapa hata kama una haraka, mkono wa baridi unaukaza mwili badala ya kuulegeza. Halafu nagonganisha meno taratibu, kwenye mfuatano wa zamani unaofanywa ukiwa umekaa wanasema mara 36, nazungusha ulimi mdomoni mate yakijaa nayameza kidogo kidogo. Halafu uso, viganja vinapanda kutoka kidevuni kupitia pembeni mwa pua mpaka kwenye paji, vinashuka kupitia kwenye panja. Vidole vinachana kichwa kuanzia mbele mpaka kisogoni. Masikio nayavuta na kuyasugua mpaka yanapata moto, kisha nayaziba kwa viganja, vidole vinalala kisogoni, kidole cha shahada nakipandisha juu ya cha kati nakiachia kinagonga mfupa, ndani ya kichwa unasikia du, du, du. Hii wanaiita ngoma ya mbinguni na mara 24 zinatosha. Ukimaliza kichwa kinakuwa chepesi, mimi hata usingizi wa asubuhi unakatika hapo.

Tumbo nalizungusha kiganja kufuata mshale wa saa, kwa sababu utumbo mpana ndivyo unavyopita, unapanda kulia unashuka kushoto, ila usifanye ukiwa umetoka kula. Kiunoni nasugua kwa nguvu kidogo juu chini, na mtu anayekaa kwenye kiti ofisini siku nzima hapa ndo atashukuru.

Mwisho nyayo. Kunja vidole vya mguu utaona kishimo kimejitokeza sehemu ya mbele ya unyayo, katikati, hapo sugua kwa kiganja mpaka joto liingie. Mshairi Su Shi wa enzi ya Song aliandika kuhusu hilohilo, kusugua nyayo, chini ya kitovu na kiuno mpaka joto lipenye, na akaonya kwamba kajasho kidogo sio mbaya ila usifike kuhema. Su Shi mwenyewe alifariki 1101 akiwa njiani anarudi kutoka uhamishoni, hata miaka 70 hakufika, kwa hiyo tusidanganyane kwamba nyayo zinanunua miaka. Mi nachokiona ni kwamba miaka unayopewa unaiishi ukiwa unaujua mwili wako, palipovimba unapaona mapema, bega lililokaza unalikuta kabla halijakuwa tatizo.

Na vile vidude vya kubonyeza sivikatai vyote. Kile cha ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono kuelekea kiwiko, katikati ya kano mbili ngumu, kimepimwa sana kwa kichefuchefu hasa baada ya upasuaji na matokeo ni mazuri. Ila yale mazoezi ya macho wanayofanya watoto wa shule China tangu miaka ya 1960, wamekaa kwenye madawati wanabonyeza kuzunguka macho huku muziki unapigwa, bado watoto wengi mno kule hawaoni mbali. Macho yanapumzika sawa, lakini miwani iko palepale.

Kuna watu wanatakiwa kuwa makini kweli. Mguu mmoja ukivimba, una moto na unauma kwenye shavu la nyuma, usiukande hata kidogo, nenda hospitali, inaweza kuwa damu imeganda na ukikanda inaweza kusafiri. Shingoni mbele pale mapigo yanaposikika usibonyeze, wala usibane pande zote mbili. Mjamzito aache kukanda tumbo, na muongozo wa jadi unamkataza kubonyeza kati ya dole gumba na kidole cha shahada na juu ya kifundo cha ndani cha mguu. Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi asisugue kwa nguvu, atajichubua bila kujua. Na vidonge vya presha unaendelea kumeza kama ulivyoandikiwa, usivipunguze kwa sababu umeanza kujikanda.

Kama asubuhi yako ni ya mbio mbio, basi anza na masikio na nyayo tu, hivyo viwili hata kwenye kiti unafanya.