Mida, siku ya pili ya Idi

7 Februari

Naanza na kosa la Novemba, nilipokwenda kuangalia ndege wa pwani, ili nisilirudie. Nilichagua Jumamosi kwa sababu tu ilikuwa Jumamosi. Nikateremka matatu pale Mida, mkono wa bahari karibu na Watamu, nikapita kwenye lile daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko, na saa nne asubuhi nikawa kibandani mwishoni, darubini shingoni. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Mbele yangu tope tupu, na ndege kwa mamia wameyafuata maji huko mbali, vitone vinavyotetema kwenye joto. Mla-kaa, ndivyo ninavyomwita Dromas ardeola, nilimtambua kwa weupe wake tu. Kiingilio sikukijutia, maana pesa za daraja lile husaidia karo za watoto wa sekondari wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Lakini nilirudi Mombasa na orodha ya "labda".

14 Februari

Nimekwenda kwa mjomba Mtwapa, mvuvi tangu ujana. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Wewe mpwangu wafuata saa. Hao ndege wafuata maji. Mtaonana wapi?"

Akanifanyia hesabu kwa vidole. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku ya nane na ya ishirini na mbili ya mwezi mwandamo ni maji mafu. Siku za bamvua pwani yetu hupwa kama saa nne na kujaa kama saa kumi, halafu kila siku maji huchelewa kwa dakika 40 au 50. Kwa hiyo Novemba nilifika saa mbaya kuliko zote, tena kwa nauli yangu mwenyewe. Maji mafu nayo hayanifai: yanapanda kidogo, tope lingine linabaki wazi, ndege hawana sababu ya kusogea. Ninachotaka ni bamvua linalopanda alasiri. Maji yanakula tope kidogo kidogo, ndege wanarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mbele ya kibanda, na jua liko mgongoni.

28 Februari

Tarehe. Hapa ndipo nilipokwama wiki nzima.

Pasaka ilinivutia kwanza. Huhesabiwa kwa mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua huweza kuwa karibu nayo, na ofisi imefungwa. Tatizo ni kwamba mwaka huu inaangukia Aprili. Mla-kaa huzaliana pwani za Uarabuni, Oman ikiwemo, na huko msimu wa mayai huanza karibu Aprili. Anachimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo ndani, penye ubaridi kuliko juu. Nikingoja Pasaka naweza kukuta wengi wameshavuka. Halafu Watamu wakati wa Pasaka, vyumba! Bei zake sizitaji.

Idi ya Fitri nayo ni mwezi mwandamo, yaani bamvua bila kuuliza. Siku ya pili ya Idi maji yataanza kupanda baada ya adhuhuri na kujaa karibu na magharibi. Ni mwisho wa Machi, kaskazi inakatika, mvua za masika bado. Kitwitwi wanaorudi Siberia wanakula mchana kutwa ili wanenepe, na baadhi wameanza kuvaa wekundu wa kuzalia, ambao Novemba hatuuoni. Nimeamua Idi. Mama sijamwambia.

8 Machi

Mazoezi Mtwapa na darubini ya miguu mitatu niliyoazima kazini. Mguu mmoja ulizama topeni, chombo kikainama taratibu kama mzee anayesinzia, nikakidaka kwa goti. Nitakata vipande vitatu vya ubao vya kuweka chini ya miguu.

Faida ya leo ni viluwi wawili wa mchangani, ndege wadogo wa ufukweni, mkubwa na mdogo (spishi mbili tofauti), waliosimama pamoja. Kitabuni wanafanana. Topeni, mkubwa ana mdomo mrefu na mzito, na miguu mirefu yenye rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Mdogo anaonekana wa mviringo zaidi, na mdomo wake mfupi. Terek, ndege mwingine wa topeni, alikuwepo pia, mdomo umepinda juu, miguu ya njano, anakimbia ameinama kama aliyedondosha funguo. Huyo hakosewi.

Sabaki, niliyofikiria kuipitia asubuhi ya siku hiyo, nimeifuta. Mdomo wa mto ule, kaskazini ya Malindi, una shakwe na buabua wa kutosha siku nzima, lakini kuubandika kwenye muda wa saa mbili tu asubuhi ni kujidanganya. Safari nyingine.

15 Machi

Nimemwambia mama.

"Idi? Utaacha watu nyumbani uende kuangalia ndege?"

Nikamweleza kwamba siku ya kwanza niko hapa, nasali, nakula, nazunguka kwa jamaa wote. Ni ya pili tu. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Baadaye akatoa sharti: niwachukue watoto wa dada, wote wawili, maana sikukuu hawana pa kwenda. Sikuwa na la kubisha.

Kwa hiyo mpango umebadilika tena. Kofia mbili zaidi, maji lita tano, mahamri ya kuwanyamazisha, na sheria moja ya kibandani: hakuna kurusha kitu topeni, ndege akiruka bure anachoma mafuta ya safari yake. Jana nimeshusha miguu ya darubini hadi kimo cha mtoto wa miaka 8. Mimi nitapiga magoti.